Mvua Imekuja, Sikuanua

Jumamosi, 1 Februari

Daftari hili lilikuwa la jiografia, la kidato cha pili. Kurasa za mbele zina ramani za mito nilizochora vibaya, za nyuma zimebaki tupu. Nimeona nizitumie. Baba Bosi anarudi kutoka ghalani kachoka, akila analala, na Bosi mwenyewe ana miezi tisa, ukimweleza jambo anakung'ata. Bosi si jina lake. Tumemwita hivyo kwa sababu yeye ndiye anayeamua nani alale na saa ngapi.

Joto la mwaka huu ni la adhabu. Chumba chetu ni bati tupu, hakina dari. Ikifika saa sita mchana unaweza kupasha uji ukutani. Bosi ana vipele vya joto kuanzia shingoni mpaka chini ya makwapa, na namkanda kwa kitambaa chenye maji kila saa, kama mgonjwa.

Lakini kuna tumaini, ndiyo maana nimeanza kuandika. Meneja wa gesti iliyo kwenye barabara kubwa ananipa mashuka nayafua hapa nyumbani. Kaniambia: "Nikuone mpaka mwisho wa Machi. Yakija meupe, makavu, na kwa wakati, nakuingiza ndani." Ndani maana yake chumba cha kufulia chenye sakafu ya vigae, feni ya dari, na kona ya kumlaza mtoto. Nimeiona hiyo feni. Nilisimama chini yake dakika moja nikajifanya nakunja mashuka.

Jumanne, 4 Februari

Meno. Siku ya tatu Bosi halali, mimi silali. Nimefua mbeleko mpya, ile nyekundu aliyoninunulia wifi. Saa tisa mvua ikaja bila hata kupiga hodi. Uani kwetu kuna kamba tatu: yangu, ya Fundi cherehani wa chumba cha pili, na ya Mzee Redio wa chumba cha mwisho. Sheria yetu haijaandikwa popote, lakini kila mpangaji anaambiwa siku anayohamia: ukiona mvua, unaanua vya wote. Nimeanua vya wote, Bosi mkono huu, nguo mkono huu, nikavirundika vyote kitandani nikajitupa juu yake. Usingizi ulinichukua hapo hapo.

Fundi alirudi akanikuta hivyo. Nikamkabidhi vyake nikiwa bado nusu usingizini, nikamtania: "Dada Fundi, leo nimekuokoa, utanishonea gauni la bure." Akachukua rundo lake akaondoka bila hata ahsante. Jioni Baba Bosi kaniuliza nimepaka nini shavuni, pana wekundu. Nikamwambia ni joto hilo, nimebabuka.

Alhamisi, 6 Februari

Joto. Bosi kalala dakika ishirini.

Jumapili, 9 Februari

Nimemsalimia Fundi mara mbili leo. Ya kwanza kaitikia kwa pua, ya pili hakuitikia kabisa. Joto limempanda kichwani, nadhani. Ana mashine iliyowekwa chini ya bati lile lile kama mimi.

Jumatano, 12 Februari

Naandika kwa hasira, na mtu asiniambie ni uchovu.

Asubuhi nilianika mashuka kumi na manne ya gesti. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kutupia macho. Mzee Redio alikuwa mlangoni na redio yake sikioni, akanihakikishia: "Wiki nzima kavu, mwanangu. Wamesema." Nikamfunga Bosi mgongoni nikampeleka kliniki kupimwa uzito na kuonyeshwa vile vipele. Nikitoka nilisikia cherehani ya Fundi inakimbia. Nikasema sawa, yupo.

Tuko kwenye foleni, upepo ukaja na vumbi, halafu ile harufu, halafu bati la kliniki likaanza kupiga kelele mpaka muuguzi akawa anaita majina kwa ishara. Kina mama wengine walisimama wakawa wanapiga simu nyumbani: anueni, anueni. Mimi nilikaa nimetulia nikimpepea mwanangu. Uani nilikuwa na Fundi.

Nimerudi nimekuta kamba ya Fundi tupu. Kamba ya Mzee Redio tupu, suruali zake mbili zimekunjwa vizuri juu ya kigoda mlangoni kwake, na mwenyewe hayupo. Kamba yangu imekatika kwa uzito wa maji, na mashuka yote kumi na manne yamelala kwenye tope jekundu, kuku wa jirani anatembea juu yake kama mgeni aliyelipia chumba.

Na cherehani inaendelea. Trrr, trrr.

Nikasimama mlangoni kwake, matone yananitoka puani. "Dada Fundi, hukuona mvua?"

"Niliona."

"Na mashuka yangu?"

"Mikono ilijaa." Hakuinua uso. Akageuza kitambaa akaendelea kushona.

Mikono ilijaa. Suruali za Mzee zilipata mkono, mashuka yangu hayakupata.

Ijumaa, 14 Februari

Nimefua upya siku mbili, kwa sabuni na bluu na jua lote la mji huu. Saba yametakata. Saba yamebaki na rangi ya chai iliyozidi maziwa. Meneja kayafungua moja moja juu ya kaunta, hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Dada yangu, mimi nasikitika. Lakini wageni wangu hawalali juu ya masikitiko." Kuna mjane wa mtaa wa nyuma, ameshampa yeye ile nafasi. Anaanza Jumatatu.

Nimerudi kwa miguu, saa saba mchana, lami inanata kwenye kandambili. Bosi alilala mgongoni, nikawa namwambia ile feni ilikuwa yako. Nilipomwambia, sikuwa nalia. Nilikuwa nahesabu.

Mwanamke huyu nitamlipa. Sitamtukana, sitamsema kwa watu. Nitamlipa kwa mvua, kama alivyonilipa, na nitafanya hivyo hivyo kama yeye, kipimo kwa kipimo.

Jumatatu, 17 Februari

Nimenunua kamba mpya, ya nailoni. Nimeifunga kwa mafundo mawili huku ananiangalia dirishani. Sikumsalimia.

Alhamisi, 20 Februari

Hakuna mvua. Bati linalia kwa joto, ta, ta, kama mtu anavunja vidole. Namlaza Bosi sakafuni juu ya simenti, tumbo chini, chupi tu. Akizunguka anaacha alama ya jasho yenye umbo lake.

Jumatatu, 24 Februari

Mvua imekuja saa nne asubuhi, Fundi yupo nyumbani. Kaanua vyake mwenyewe. Nikaanua vyangu. Tulipishana kati ya kamba bila neno, mabega yakagusana. Hiyo nayo mvua gani.

Jumamosi, 1 Machi

Leo mdogo wake Fundi kaolewa. Walipita hapa uani kupiga picha, maana nyumbani kwa bwana harusi maji yalikuwa yamekatika na bibi harusi alitaka kunawa uso. Nilikaa mlangoni nikatazama kwa starehe zangu. Gauni lilikuwa la kukodi. Mtu hahitaji kuwa mshonaji kuliona hilo: mabega yalikuwa ya mtu mwingine, na kiunoni wamebana kwa pini, mbili ziliwaka juani kila akigeuka. Fundi alikuwa anapita nyuma yake akisukuma pini zirudi ndani.

Nilicheka. Nilimwambia Baba Bosi kwa sauti ya kusikika: "Fundi mzima, mdogo wake kakodi gauni. Kumbe mikono yake imejaa mpaka kwa ndugu."

Fundi alisikia. Alisimama kidogo, akaendelea kusukuma pini.

Baba Bosi akaniingiza ndani. "Wewe si mtu wa hivyo."

"Nimekuwa."

"Basi kamuulize kwa nini alifanya vile. Mtu haamki tu."

"Nilimuuliza. Mikono ilijaa."

"Muulize tena, mke wangu."

Nikamwambia aulize yeye, ana muda. Akavua shati, akajimwagia maji ya ndoo kichwani, mjadala ukaishia hapo.

Alhamisi, 6 Machi

Vipele vya Bosi vimepasuka shingoni. Kila akilia natazama mlango wa pili.

Jumapili, 9 Machi

Mzee Redio kaniambia: "Siku hizi hapa uani kuna baridi, na redio haijaitangaza." Nikamwambia redio yake haijawahi kutangaza kitu kikawa. Akacheka. Akaniuliza kama nina betri mbili ndogo. Sikuwa nazo.

Alhamisi, 13 Machi

Joto. Jana joto. Natazama mawingu kama msichana anayetazama njia. Leo moja lilipanda nyuma ya mnara wa simu, jeusi, limejaa, na kwa Fundi pale kambani palikuwa na mashati ya wateja, naye katoka. Nilivuta kigoda nikakaa. Wingu likapita likaenda kunyesha kwa wengine.

Nilichukia hadi nikakosa hamu ya kula.

Jumanne, 18 Machi

Leo.

Fundi kapata kazi kubwa, mapazia manane ya ukumbi wa mikutano, rangi ya maziwa, marefu kuliko mlango. Kitambaa cha namna ile huwa anakifua kwanza, kinywee kabisa kabla ya kukatwa. Asubuhi aliyaanika, yakajaza kamba yake yakaingia hadi kona ya kamba ya Mzee, yananing'inia kama watu waliosimama kwenye foleni. Saa sita akaenda mjini kutafuta nyuzi. Mzee Redio naye kapeleka redio kwa fundi wa redio. Nilibaki mimi na Bosi.

Saa nane na nusu bati likanyamaza. Huwa linanyamaza hivyo jua likizimwa ghafla. Upepo ukainua vumbi la uani, mapazia yakajaa tumbo. Nikatoka. Nikaanua vyangu. Nikaanua vya Mzee, suruali zile zile mbili, nikazikunja vizuri nikaziweka juu ya kigoda mlangoni kwake. Nilihakikisha zimekunjwa kama Fundi alivyozikunja siku ile. Kisha nikarudi nikakaa mlangoni kwangu, mikono mapajani.

Tone la kwanza lilikuwa kubwa kama sarafu. Halafu yote kwa pamoja.

Nataka niandike ukweli: mwanzoni ilikuwa tamu. Niliona pazia la kwanza likigeuka rangi kuanzia juu kwenda chini, nikahisi kitu kimeachia kifuani, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Nilisema kwa sauti, "Haya." Mapazia yakawa mazito, kamba ikashuka, ncha zikaanza kugusa chini na tope likawa linazipanda.

Tatizo lilikuwa Bosi. Tangu ajue kukaa, mvua ikija namnyakua na tunakimbia wote kwenye kamba. Yeye anashika vibanio, ndiyo kazi yake. Leo alitambaa hadi kizingitini, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kambani, akanigeukia kungoja nimbebe. Sikumbeba. Akanyoosha tena. Akanitazama usoni, uso ule anaonifanyia nikichelewesha ziwa. Kisha akaanza kulia.

Nilikaa. Nilikaa mpaka kamba ikakatika.

Fundi aliingia getini mvua ikiwa inamalizika, kafunika nyuzi kwa mfuko wa plastiki, yeye mwenyewe kaloa mpaka kwenye ukucha. Alitazama mapazia chini. Akatazama kamba yangu, tupu. Akatazama suruali za Mzee juu ya kigoda.

"Umeona mvua?"

"Nimeona."

"Na mikono?"

"Ilijaa."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea mzigo na kukuta umetimia. Nilingoja matusi, nilikuwa nimeandaa yangu wiki tano. Akaingia kwake. Akatoka na kitu kwenye mikono, kimekunjwa kwa uangalifu, akakifungua mbele yangu pale barazani. Kitambaa cheupe, kizuri, chenye kung'aa kwa ndani. Katikati kina doa la waridi, pana, refu, linalokatisha kitambaa kutoka ukingo hadi ukingo. Na kando ya doa madoa mengine madogo, kama vidole.

"Hiki unakijua?"

"Sikijui."

"Ulinipa mwenyewe. Mkononi. Siku ile ya mvua ya saa tisa."

Nikasema sikumpa kitambaa chenye doa.

"Ulinipa rundo. Pale kitandani juu yake palikuwa na mbeleko yako, mbichi, inachuja rangi. Ulikuwa umevilalia vyote, Mama Bosi. Shavu lako lenyewe lilikuwa jekundu. Ukaniambia umeniokoa, ukacheka."

Mkono wangu ulienda shavuni wenyewe.

"Alikinunua mama yetu kabla hajafa," akasema. "Alikiweka sandukuni miaka tisa. Alisema ni cha yule mdogo, atakayeolewa mwisho. Nilikitoa nikakifua mara moja tu kitoe harufu ya sanduku."

Zile pini. Nilikumbuka zilivyowaka juani.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nilijua umeona. Nani asione? Nikangoja uje uniambie pole. Siku ya kwanza, ya pili. Wewe unanisalimia tu, umechangamka. Nikasema, kumbe huyu ananifanyia makusudi. Siku ile ya mashuka nilisimama hapa hapa mlangoni. Nilikuwa na muda wa kuanua mara tatu. Nilitazama."

"Uliona raha?"

Akafikiri. "Mpaka ulipoingia na mtoto mgongoni. Kidogo na baada ya hapo pia."

"Nafasi ya gesti nimeikosa kwa hilo. Chumba chenye feni. Huyu angelala chini ya feni." Nilimwonyesha Bosi, shingo yake.

"Sikujua kuhusu feni."

"Na mimi sikujua kuhusu mama yako."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka batini hadi kwenye beseni langu. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Alikunja kitambaa cha mama yake kwenye mistari yake ile ile ya zamani, akarudi ndani. Mapazia yalibaki kwenye tope.

Jumatano, 19 Machi

Nilitaka kubaki na hasira yangu. Nimeilea wiki tano, nimeinyonyesha kuliko Bosi. Leo nimeamka nikaitafuta, iko, lakini kila nikiielekeza mlango wa pili inanirudia usoni. Alifanya makusudi, hilo halifutiki. Mimi nilifanya usingizini, kisha nikafanya makusudi pia, na nikacheka harusini. Nimejaribu kupiga hesabu nani zaidi. Haitoki.

Sikuweza kuwaza kitu kingine cha kufanya nikafua. Nilibeba mapazia manane bila kumwuliza, nikayaloweka, nikayasugua ncha kwa brashi, nikayasuuza maji matatu. Mimi ni mtu wa kufua. Saa nne Fundi alitoka akanikuta nayakamua peke yangu, akashika upande wa pili akazungusha kulia, mimi kushoto. Kitambaa kizito hakikamuliki na mtu mmoja.

"Kamba yangu imekatika," akasema.

"Yangu ni ya nailoni."

Tukayaanika kwangu. Ndiyo maneno yote ya leo.

Alhamisi, 20 Machi

Joto. Mapazia yamekauka meupe. Kayakata.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemwomba kile kitambaa. Alinitazama sana kabla ya kunipa. Nimejaribu limau na chumvi na jua la saa sita, nimejaribu sabuni ya mche kwa ncha za vidole, taratibu, kama naosha uso wa mtoto. Madoa madogo yametoka. Lile kubwa limepauka tu, limekuwa rangi ya ufizi wa Bosi. Halitatoka zaidi ya hapo, nikilazimisha kitachanika.

Nilimpelekea nikamwambia hivyo hivyo, bila kupamba. Nikamwambia na pole, ya tarehe nne na ya harusini. Ile ya mapazia nikaiacha, na yeye aliona nimeiacha.

Akasema, "Na mimi pole ya mashuka." Kisha akaongeza, huku anapenyeza uzi kwenye sindano: "Lakini ningejua kuhusu feni, sijui kama ningeanua. Nilikuwa na hasira sana."

Nikamwambia na mimi ningejua kuhusu sanduku, siku ile ya mapazia, sijui.

Akacheka kwa pua. Bosi akacheka kwa sababu sisi tumecheka.

Jumatano, 26 Machi

Nimepita mbele ya gesti. Feni inazunguka. Yule mjane alikuwa anakunja mashuka chini yake, upepo unamtikisa kitambaa cha kichwani. Nilimchukia mpaka kwenye kona ya duka la dawa, kisha nikachoka.

Mzee Redio redio yake imepona. Kasema wiki nzima kavu.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imekuja saa tisa. Fundi hayupo. Nimeanua vya wote, Bosi kashika vibanio. Kitambaa cha mama yake Fundi, alichokianika asubuhi, nimekitandaza peke yake mgongoni mwa kiti. Mbeleko nimeitia kwenye beseni, nikaiweka nje kabisa ya mlango, inyeshewe.